Kabati la Vioo Litazamwe Mgongoni

Leo tuzungumze kuhusu kabati la vitabu: lile la kale, la mbao nzito, lenye milango ya vioo, ambalo bado hupatikana katika nyumba za zamani za mameneja wa mashamba ya chai, katika ofisi za shule kongwe, katika vyumba vya misheni, na vilevile katika minada na maduka ya fanicha kuukuu jijini Nairobi. Wapo wanaolitamani. Bonasi ya majani chai ikiingia, au mtu akistaafu na kumaliza kujenga kwake, kuna fedha zinazotengwa kwa ajili ya sebule, na sebule yenye kabati la namna hiyo hupata heshima yake. Heshima hiyo siipingi hata kidogo. Ninachotaka kubishania ni namna ya kuchagua. Mnunuzi husimama mbele ya kabati, akavutiwa na vioo, akapapasa vanishi, akauliza ni la mwaka gani, kisha akafungua mkoba. Mimi nasema hivi: katika sehemu zetu hizi za Kericho na Bomet zenye mvua, mtu aanzie nyuma. Aombe kabati livutwe kutoka ukutani, atazame mgongo wake, kitako chake na miguu yake, kwa maana huko ndiko kunakoamuliwa kama vitabu vitakavyowekwa humo vitadumu au vitaoza.

Sababu ya kwanza iko nje ya mlango wetu. Mji wa Kericho umekaa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mashamba mengi yanayouzunguka hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Desemba hadi Februari mvua hupungua, lakini ukame wa kweli ni nadra. Siku ya kawaida tunaijua: jua la asubuhi, mawingu yanayopanda baada ya adhuhuri, mvua ya alasiri ambayo mara kwa mara huja na mawe, halafu usiku wa baridi. Hali hiyo hiyo ndiyo iliyozivuta kampuni za Brooke Bond na James Finlay kuja kupanda chai huku katika miaka ya 1920, kwa kuwa mchai hupenda maji yasiyokatika. Karatasi haina mapenzi hayo. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 au 70 na kukaa hivyo kwa siku kadhaa, kuvu huanza kumea juu ya gundi ya kitabu, juu ya kitambaa cha jalada na juu ya ngozi. Kwanza utasikia harufu, kisha utaona madoa ya kahawia, na mwisho kurasa zitashikamana. Mtu wa Garissa, kwenye ukame, anaweza kununua kabati lolote asijali. Sisi hatuwezi.

Sasa kioo kina kazi gani katika hali kama hiyo? Kioo huzuia vumbi la barabara za murram, huzuia moshi wa jikoni, huzuia mkono wa mtoto mwenye uji, na wakati huo huo humwezesha mwenye nyumba kuona alicho nacho. Hizo ni faida kubwa. Lakini mlango wa kioo uliofungwa vizuri huzuia pia hewa kuzunguka, na hapo ndipo watu wa chai wanapaswa kuelewa haraka kuliko wengine, kwa sababu jambo lenyewe liko katika kazi yao ya kila siku. Kiwandani, chai hukaushwa mpaka ibaki na unyevu wa takriban asilimia 3 tu, ndipo inapofungwa. Zamani ilifungwa katika masanduku ya plaiwudi yaliyotandikwa karatasi nyembamba ya metali ndani. Siku hizi hufungwa katika magunia ya karatasi yenye tabaka la kuzuia unyevu. Kufunga huko kunafaa kwa sababu kilichofungwa kilikuwa kimekauka kwanza. Kitabu cha nyumbani hakijapita kwenye kikaushio. Kinaingia kabatini kikiwa na unyevu wa chumba, na ukikifungia humo bila njia ya hewa, umeufungia unyevu wenyewe. Ndiyo maana vitabu vilivyohifadhiwa katika masanduku ya chai kwa nia njema huweza kutoka vikiwa na uvundo, ingawa sanduku halikupitisha hata tone.

Turudi basi mgongoni. Makabati mengi yaliyotengenezwa vizuri kabla ya Vita vya Pili vya Dunia yana mgongo wa mbao nyembamba zilizopangwa wima, kila ubao ukiingia katika mfereji wa mwenzake bila gundi. Fundi aliacha mbao hizo ziwe na nafasi ya kutanuka na kusinyaa, kwa sababu mbao hujazwa na mvua na hupungua wakati wa kiangazi, na hutanuka kwa upana wake, wala si kwa urefu. Mianya ile midogo, ambayo mnunuzi asiyejua huiona kuwa kasoro, ndiyo mapafu ya kabati. Hewa hupita humo polepole, kiasi cha kutosha kuondoa unyevu uliozidi, na si kiasi cha kuingiza vumbi jingi. Mgongo wa namna hiyo ukiukuta mzima, hiyo ni sababu kubwa ya kununua. Ukikuta umefunikwa na kipande cha plaiwudi au hadibodi iliyopigiliwa baadaye, uliza kwa nini. Mara nyingine mtu alikuwa akificha mbao zilizobunguliwa. Mara nyingine alitaka tu kuzuia panya. Vua kipande hicho kabla ya kukubaliana bei, na muuzaji akikataa, umeshapata jibu lako.

Baada ya mgongo, shuka chini. Kabati lenye miguu, hata mifupi ya sentimita 10, hupitisha hewa chini yake. Kabati lililokalia ubao wa kitako unaogusa sakafu pande zote hunasa unyevu wa saruji na maji ya kupigia deki. Tafuta mstari mweusi unaozunguka sehemu ya chini, kwani hiyo ni alama ya maji. Bonyeza hapo kwa ncha ya kisu. Mbao nzima itakataa, na mbao iliyooza itaingia kama keki. Halafu washa tochi uangalie pembe za ndani. Vitobo vidogo vya dumuzi si hukumu ya kifo, mradi ni vya zamani: ukingo wake utakuwa umefifia rangi na hakutakuwa na unga. Vikiwa vipya, ndani yake hung'aa na unga mweupe au wa manjano hudondoka ukigonga. Muuzaji mwaminifu atakuruhusu utandaze karatasi nyeusi chini ya kabati na kurudi baada ya wiki mbili kuona kama unga umeanguka. Ni kipimo cha bei ya karatasi, na sijui kwa nini hakitumiwi zaidi.

Mbao nazo zina habari yake, na hapa ningependa tukae kidogo. Si kila kabati la kikoloni lilitoka Uingereza. Mengi yalitengenezwa papa hapa Kenya, na mafundi Waafrika na Wahindi, hasa Masingasinga waliokuja Afrika Mashariki kwa kazi za reli, useremala, uashi na uhunzi. Gurdwara kubwa ya Kericho, ambayo jina lake huandamana na Baba Puran Singh aliyeishi mjini humo kabla ya kuhamia Uingereza, ni ukumbusho wa jamii hiyo ya watu wa mikono. Mafundi wa zama hizo walifanya kazi kwa mbao za nchi: mvule, podo, kafuri ya milimani, na mtarakwa ambao Wakipsigis huuita tarakwet. Kwa hali yetu, mtarakwa ndio ningeuweka mbele. Kiini chake chekundu huwashinda mchwa na huvumilia unyevu, ndiyo maana nguzo za ua za mti huo hukaa ardhini miaka na miaka. Ubaya wake ni kwamba hupasuka kwa urahisi, kwa hiyo kagua kando ya misumari. Mvule ni mzito na mwaminifu. Podo ni nzuri kwa macho, nyeupe ya manjano isiyo na mistari mingi, lakini wadudu huipenda na madoa huiingia upesi. Mara nyingi fundi aliitumia nyuma na kwenye rafu, akaficha uso wa kabati kwa mbao bora. Hiyo ni sababu nyingine ya kuanzia mgongoni. Kabati la mwaloni kutoka Uingereza linaweza kuwa zuri pia, ila tazama kama lina vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao ya thamani iliyobandikwa juu ya mbao ya kawaida. Gundi ya zamani ilitokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Unyevu huilegeza, na vinia huinuka kama gamba. Faida yake ni kwamba gundi hiyo hiyo, ikipashwa moto na kulowanishwa, huachia, hivyo fundi anaweza kutenganisha na kuunganisha upya bila kuharibu kitu.

Kuhusu vioo vyenyewe sitachukua muda mrefu. Simama upande, tazama taa au dirisha likijiakisi. Kioo cha kale huonyesha mawimbi na pengine vipovu vidogo. Kioo kilichonyooka kabisa huenda kimetengenezwa kwa njia ambayo kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza mwaka 1959, ya kumimina kioo kilichoyeyuka juu ya bati iliyoyeyuka. Kioo kimoja kilichobadilishwa katika mlango wa vioo sita hakipunguzi kitu. Kioo cha kale ni chembamba na hukatika kuwa vipande virefu vyenye makali, kwa hiyo nyumba yenye watoto wadogo ibandike utando wa kinga upande wa ndani, na kabati lifungwe ukutani kwa vyuma viwili juu. Kabati refu lililojaa vitabu likimwangukia mtoto anayepanda rafu, hakuna uzuri wa kale utakaotufariji. Na kama lina rangi badala ya vanishi, usilipige msasa mkavu, kwani rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi.

Kuna aina moja inayostahili kutajwa peke yake, yale makabati ya kupanga ngazi juu ya ngazi, kila ngazi ikiwa na mlango wake wa kioo unaoinuliwa na kusukumwa ndani juu ya vitabu. Kampuni ya Globe-Wernicke ya Cincinnati, Marekani, ndiyo iliyoyapa umaarufu tangu mwishoni mwa karne ya 19, na huko Oxford kampuni ya Minty ilitengeneza yake. Yaliuzwa kwa watu wa kuhama: mawakili, maafisa, wamisionari. Kwa mfanyakazi wa shamba la chai anayekaa katika nyumba ya kampuni na kujua kwamba siku ya kustaafu au kuhamishwa ataiacha, sidhani kuna kabati bora zaidi. Ngazi moja hubebwa na watu wawili, na mtu anaweza kununua tatu leo na nyingine baadaye. Lakini katika hewa yetu yana hatari yake. Kila ngazi ni kisanduku kidogo kilichofungwa sana, kwa kuwa nia ilikuwa kuzuia vumbi la miji. Anayeyanunua akubali kazi ya kufungua milango yote asubuhi za jua, angalau mara moja kwa wiki, na asijaze vitabu hadi vikabanana. Asiyeweza kazi hiyo achague kabati la kawaida lenye mgongo wa mbao.

Najua kuna msikilizaji anayesema: mambo yote haya ya nini, wakati mafundi wa kando ya barabara kutoka Kapsoit hadi Silibwet wanaweza kunitengenezea kabati jipya kwa bei nafuu? Pingamizi hilo lina nguvu, na sitaki mtu aondoke akidhani nawadharau mafundi wetu. Tatizo haliko mikononi mwao, liko kwenye mbao. Kwa miaka mingi ukataji wa miti ya kiasili katika misitu ya umma umekatazwa, na Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wote katika misitu ya umma na ya jamii, marufuku ambayo Rais William Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023. Msitu wa Mau, unaotupatia mvua hiyo hiyo tunayoilalamikia, ulikuwa umeshakatwa vya kutosha, na mimi naunga mkono ulinzi wake bila kusita. Matokeo yake ni kwamba fundi wa leo hupata saipresi, mkalitusi na grevilia, mara nyingi zikiwa mbichi, kwa sababu mteja anataka kabati wiki ijayo na hakuna anayelipia miezi ya kukausha. Mbao mbichi hujipinda, na mlango wa kioo kwenye fremu iliyojipinda hauwezi kufunga. Mbadala mwingine ni mbao za unga wa mti ulioshindiliwa kwa gundi, ambazo hupendeza dukani na huvimba pembeni baada ya misimu michache ya mvua zetu. Kabati la kale ni mtarakwa au mvule uliokwisha kukauka, uliokwisha kujipinda kadiri ulivyotaka, na hakuna mti mpya unaokatwa kwa ajili yake. Lakini ukimpata fundi aliyeweka saipresi chini ya paa hadi ikakauka, na akakubali kukutengenezea mgongo wa mbao zenye mianya badala ya plaiwudi, mlipe vizuri. Kabati lake litakuwa bora kuliko la kale lililooza. Ninachotetea ni namna ya ujenzi. Umri ni kidokezo tu.

Wengine watasema: kama hewa ndiyo muhimu, si tuweke rafu wazi tumalize? Rafu wazi hufaa katika chumba kikavu chenye madirisha yanayofunguliwa. Katika nyumba nyingi za huku, moshi, vumbi na ukungu unaoingia jioni huvifikia vitabu moja kwa moja. Kabati la mbao nzito lina kazi nyingine ambayo rafu haina: mbao na karatasi hunyonya unyevu jioni na kuuachia mchana, kwa hiyo hali ya ndani haipandi na kushuka kwa ghafla kama ya chumbani. Ili kazi hiyo ifanyike, mahali pa kabati pachaguliwe kwa makini. Liwekwe kwenye ukuta wa ndani, si ule wa nje unaopigwa na mvua, na liachiwe mwanya wa vidole vinne nyuma yake. Lisiwe karibu na mahali pa moto, kwani kuni za mkalitusi hukausha upande mmoja huku mwingine ukibaki baridi, na hapo ndipo vinia hupasuka na milango hukwama.

Pingamizi la mwisho ni zito kuliko yote, na nimeliacha hapa ili lipate nafasi yake. Kuna watu, hasa wazee, ambao wakiliona kabati la nyumba ya meneja wanakumbuka ardhi. Mashamba haya yalitwaliwa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, nao wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, na Agosti 2022 Wakipsigis na Talai walifikisha malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Kwa nini basi mtu wa Bomet alipe fedha za jasho lake kununua mabaki ya waliomfukuza babu yake? Simlaumu anayekataa. Nyumba ni yake na kumbukumbu ni zake. Lakini anayenisikiliza afikirie pia ni nani aliyeranda mbao zile, na msitu ulikuwa wa nani. Mikono ilikuwa ya watu wa hapa na ya mafundi wa Kihindi waliolipwa kidogo; mtarakwa ulikuwa wetu. Vilevile afikirie ni nani aliyekuwa na mahali pa kuhifadhia karatasi. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa karibu miongo mitatu ya kwanza ilikuwa ya Wazungu peke yao. Barua za mkoloni zilikaa makabatini na kufungiwa mpaka zikawa nyaraka za serikali, wakati karatasi za watu wetu, zilizofungwa kwenye mfuko na kuning'inizwa juu ya moto, ziliharibika. Leo madai ya ardhi hutegemea maneno ya wazee, na hutegemea karatasi pia.

Kwa hiyo mwenye kununua asiwaze vitabu vya kuonyesha wageni tu. Azingatie Biblia ya Kikalenjin yenye majina ya waliozaliwa kwenye ukurasa wa mwanzo, hati ya shamba, stakabadhi za majani chai tangu mzazi alipopewa namba ya mkulima, picha za shule, barua ya babu aliyekwenda vitani. Hizo zisiwekwe rafu ya chini, inayopata ubaridi wa sakafu, wala zisisukumwe mpaka zikagusa mgongo wa kabati. Ziwekwe rafu ya katikati, ndani ya bahasha za karatasi na si za plastiki, huku zikiachiwa upana wa kiganja nyuma yake, na kila msimu wa mvua unapoanza mtu mmoja wa nyumba hiyo, anayejulikana kwa jina, awe na kazi ya kuzitoa na kuzikagua.